Kwaya Iliyoitwa Hatari

Jumapili moja wazee wa kanisa la Kansay waliiambia kwaya yao ikae kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine, isiimbe, kwa sababu kaseti ya ndani ya basi ilikuwa imetangaza kwamba kwaya hiyo ni hatari. Aliyetangaza alikuwa mwenye duka nililofanyia kazi Karatu, na alikuwa anawasifu.

Duka letu la kanda lilikuwa karibu na stendi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, lami haijafika, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi jekundu kwenye makasha ya kanda. Mwenye duka alitoka Machame, na wateja wote, hata waliomzidi umri, walimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichaga. Albamu mpya zilitufikia kwa basi kutoka Arusha: taarabu, dansi, muziki wa Kongo, kwaya, na vijana waliokuwa wameanza kurap kwa Kiswahili. Shida yetu ilikuwa moja. Mtu hanunui kanda ambayo hajaisikia, na akishaisikia upande wote wa kwanza anashukuru na kwenda zake.

Ndipo Mangi alipobuni kionjo. Kilikuwa ni maneno yake mwenyewe kuhusu albamu moja mpya, yamerekodiwa kwenye kanda tupu, yasiyozidi urefu wa wimbo mmoja. Alieleza albamu inahusu nini, wimbo gani wa kucheza, wimbo gani wa kuruka, na katikati ya maneno mimi niliingiza vipande vya nyimbo kutoka deki ya pili. Tulirekodi asubuhi, kabla honi za stendi hazijaanza, tukiwa tumening'iniza blanketi mlangoni. Mangi hakuandika chochote. Akikosea, tulirudi mwanzo. Siku nyingine jogoo wa jirani aliwika katikati, tukamwacha humo humo.

Kwanza tulivipiga kwenye spika ya dukani. Halafu dereva wa basi la Wasso akaomba nakala, kwa sababu safari yake ni ndefu na sehemu kubwa ya njia redio haishiki. Baada ya hapo sauti ya Mangi ilifika mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga, na majibu yalirudi kwa mdomo wa kondakta. Mfugaji mmoja wa Piyaya alituma salamu: "Mwambieni huyo Mangi, akinyamaza wimbo unasikika vizuri zaidi." Mangi alicheka sana. Vionjo viwili vilivyofuata vilikuwa vifupi, kisha akasahau.

Kiswahili chake alikiokota Arusha, kwa madereva wa watalii. Kwake wimbo mzuri ulikuwa mkali, mzuri zaidi ulikuwa moto, na ukipita hapo ulikuwa hatari. Pale stendi kila mtu alimwelewa. Hatukufikiria kwamba wapo wasikilizaji waliojifunza Kiswahili darasani, ambao neno hatari walilijua kutoka nyuma ya lori la mafuta, limeandikwa kwa rangi nyekundu chini ya fuvu la mtu.

Kwaya ya Kansay ilifundishwa na mwalimu wa shule ya msingi wa huko huko, mama mmoja mpole wa sauti lakini si wa msimamo. Aliwapeleka waimbaji wake Arusha wakarekodi albamu ya kwanza, kwa kinanda cha umeme ambacho kijijini walikiendesha kwa betri ya gari. Baadhi ya wazee hawakukipenda kinanda. Walisema kanisa si baa. Waliamua wasubiri waone kanda itapokelewaje, ndipo waseme kama kwaya inaweza kurudi Arusha kurekodi ya pili. Mwalimu aliitaka ruhusa hiyo kuliko kitu kingine chochote. Alituletea kanda mwenyewe, amezifunga kwenye kitenge.

"Kaka, usinisifie bure," alimwambia Mangi. "Sema ulichosikia."

Mangi aliisikiliza mara mbili, jambo ambalo alilifanya kwa nadra. Kisha akarekodi: "Hii kwaya ya Kansay ni hatari. Nasema hatari tupu. Wazazi, kaeni mkao wa kula."

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ndani ya basi, anarudi kutoka kumtazama mgonjwa hospitali ya Wasso. Kwake sauti inayotoka kwenye spika ni redio, na redio ikisema hatari huwa ni mafuriko au ugonjwa wa mifugo. Alishuka Karatu, akapanda kwao Kansay, akawaeleza wenzake. Jumapili ile ndiyo kwaya ikakalishwa.

Siku ya mnada mzee huyo alikuja dukani, mwalimu akiwa nyuma yake. Mwalimu alitusalimu bila kututazama.

"Shikamoo mzee," Mangi alisema.

"Marahaba. Ni nani aliyeita kwaya yetu hatari?"

"Ni mimi, mzee."

"Uliwaona wakifanya nini?"

"Hapana, mzee, hatari ni sifa."

"Sifa ya nani? Ya nyoka?"

"Ya wimbo. Ni kama kusema wamewaka."

"Sasa wamewaka," mzee alimwambia mwalimu. "Unasikia?"

Mwalimu aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nikauliza kama mzee ameisikiliza kanda yenyewe. Hakuwa ameisikiliza. Nikamsogezea kiti, akakikataa. Alizisikiliza pande zote mbili za kanda amesimama, mikono nyuma, fimbo ikiwa kwapani, na wateja wawili waliokuwa wakibishana bei wakanyamaza kwa ajili yake. Wakati fulani alisema, "Huyu wa sauti ya juu ni binti wa jirani yangu," kisha akaendelea kusikiliza mpaka kanda ikaisha.

Mangi alimwomba aseme alichosikia, ili tukiweke mahali pa maneno yake. Mzee alifikiri, akasogea kwenye maiki kama mtu anayesogelea moto kuota.

"Mimi ni mzee wa kanisa Kansay. Nimesikiliza kanda hii yote. Haina hatari. Maneno yanasikika. Wimbo wa tatu unarudiarudia. Kinanda kipunguzwe. Mtu akitaka, anunue."

"Niongezee kidogo hapo mwisho, mzee?" Mangi aliuliza.

"Usiongeze kitu."

Sijawahi kuona kionjo kilichopendwa kama kile. Dereva wa Wasso alikipiga kwenda na kurudi. Pale stendi wauza vitunguu walianza kujibu wateja wagumu, "Mtu akitaka, anunue." Kanda zetu za kwaya zikaisha, mwalimu akaleta nyingine, na safari hiyo alikaa akanywa chai na sisi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kansay kuona kwa macho yangu. Kwaya ilisimama, ikaimba vizuri, na yule binti wa sauti ya juu aliufanya upande wa kina mama usimame wenyewe bila kuambiwa. Kinanda kilikuwa pembeni, kimefunikwa shuka. Baada ya ibada mwalimu alinieleza kwamba wazee wamefurahi, ila wamegawanyika juu ya neno la mwenzao. Wengine walisema kipunguzwe maana yake kipunguzwe sauti. Wengine walisema kipunguzwe nyimbo, kipigwe kwenye chache tu. Wawili walisema kitu kikipunguzwa mpaka mwisho huwa kimeondolewa. Mzee mwenyewe, alipoulizwa, alijibu, "Nilisema kipunguzwe," akaenda kufungua ng'ombe.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuwafundisha waimbaji nyimbo zote za albamu ya pili, kwa kinanda na bila kinanda, ili jibu lolote limkute tayari. Baraza la wazee lilipanga kukaa mbaazi zikishavunwa, liamue juu ya kinanda na ruhusa ya kurekodi. Mbaazi zikavunwa, mahindi yakafuata, nami nikahama Karatu. Baraza lilikuwa bado halijakaa.