Nilipomfuata Mke Wangu Kuchanja Kuku Nyakabuye

Siku hiyo niliondoka nyumbani Giheke kwa sababu ya jina la mwanamume. Kila mke wangu, Maman Divine, aliporudi kutoka kuchanja kuku Nyakabuye, jina la Papa Samweli halikumtoka mdomoni: Papa Samweli katupikia ndizi, Papa Samweli kawaita majirani wote. Safari hii nikasema nitambebea termosi ya chanjo. Aliniangalia. "Sawa, twende."

Asubuhi tulipanda pikipiki mbili hadi Kamembe. Kwenye duka la dawa za mifugo alinunua kichupa cha chanjo ya umuraramo, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa mlima mzima, akakizika ndani ya barafu kwenye termosi. Kutoka pale barabara inateremka upande wa Bugarama, na joto linazidi. Njia nzima nilikumbatia termosi nikipanga maneno ya kumwambia huyo bwana.

Nyakabuye tulimkuta Papa Samweli barabarani, mbele ya nyumba yake, shati limepigwa pasi. "Karibu, Docteur!" alimwambia mke wangu. Kisha kwangu: "Na wewe ni chauffeur, dereva wake?"

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa miaka. Maman Samweli akatoka na uji, mama mchangamfu, mzuri kuliko mumewe, lakini wivu wangu haukutulia.

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Mimi nashika kuku, mke wangu anadondosha tone moja la chanjo jichoni. Kwenye ua mmoja tulikuta jogoo amepinda shingo. Mwenye nyumba akambembeleza: "Umuchanje tu, Docteur, pengine atapona."

"Hapana. Chanjo haiponeshe mugonjwa. Mumutenge, na musipeleke kuku hata moja kwenye soko." Akanigeukia. "Papa Divine, nawa mikono na sabuni. Na viatu. Tusibebee batu bengine ugonjwa."

Hakuna aliyebisha. Nami nikainama nikanawa. Hapo ndipo moyo uliniuma kweli: nyumbani mwanamke huyu huniomba ruhusa hata ya kuuza mayai.

Jioni, tukirudi, tulishuka pikipiki penye lami tukamalizia kwa miguu. "Mbona kwangu hauchekake vile?" nikamuuliza.

"Bale ba Nyakabuye banaulizaka mimi vitu. Wewe hauniulizake."

Nilichojifunza ni hiki: wivu wangu haukuwa wa Papa Samweli peke yake. Nyakabuye nzima wanamjua mke wangu kuliko ninavyomjua mimi. Nikamuuliza kwa nini ugonjwa ule unapinda shingo. Akaanza kueleza taratibu, akinichungulia kama nasikiliza, na tulipofika mlangoni alikuwa bado hajamaliza.