Kikombe Ambacho Mama Hakukionja

Togwa ikimwagika kwenye udongo mkavu hutoa harufu ya uchachu na kimea cha ulezi, harufu ambayo wengi huipenda. Mimi ikinifikia mkono wangu hupanda wenyewe kwenye nyusi ya kushoto, mahali liliponipata jiwe. Asubuhi ile uani kwetu Ilomba walijaa watu, na mbele yao alisimama Mama Lugano, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mama yangu alichota kata ya togwa kutoka kwenye chungu chake cha biashara, akainywa yote, kisha akaipindua wauone utupu wake. "Mmeona wenyewe," akasema. "Nimekunywa." Sauti moja nyuma ya watu ikajibu bila hata kupanda: "Mwenye sumu hakosi dawa yake." Hapo Mama Lugano akakisukuma chungu kwa mguu. Kilipasuka, na togwa ikakimbia mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu. Jiwe likafuata. Lilikuwa la mama, nikalipokea mimi. Sijui nani alilirusha, na kwa kuwa sijui, nimewashuku wote hadi leo.

Mama yangu alikuwa Mhehe wa Kalenga aliyeolewa na Mnyakyusa akahamia Mbeya. Baba, Ambakisye, alikuwa Chunya kwenye mashimo ya dhahabu, akirudi nyumbani na vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo. Nyumba iliendeshwa na chungu cha togwa. Niliishia darasa la tano, lakini namna togwa inavyotengenezwa hakuna wa kunifundisha: ulezi unaloweshwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa, kisha uji uliopoa unatiwa kimea na kungojewa uchachuke. Mama na Mama Lugano walitwanga pamoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka, huku wakicheka mambo ambayo sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie. Na kulikuwa na desturi ambayo hapakuwa na mtu wa kuihubiri kwa sababu kila mtu aliijua: anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako. Kuonja ni kusema moyo wangu hauna kitu. Mama hakuwahi kumpa mteja wa kwanza togwa kabla ya kuionja, hata mteja huyo akiwa mtoto aliyetumwa na kopo.

Msimu ule wa kiangazi, upepo ukivuma kutoka milimani na mapera yakiwa bado mabichi, alikuja kijana mmoja na kamera ya kuazima. Alitaka kutengeneza filamu ya mashaka, juu ya marafiki wawili wa kike na usaliti, naye hakuwa na kitu zaidi ya hiyo kamera na maneno matamu. Nyumba ya tajiri kwenye filamu ilikuwa sebule ya mwenye banda la video. Waigizaji walikuwa majirani. Mama alichaguliwa kwa sababu uso wake haukuwa mwepesi wa kucheka. Wa kushika maiki akawa Edo. Huyu Edo alikuwa mtafsiri wa banda: filamu za nje zikionyeshwa, yeye huketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea Wachina na Wazungu kwa Kiswahili, akiongeza utani wake, na watu walimpenda kuliko filamu zenyewe. Siku za kurekodi alivaa hedifoni masikioni tangu asubuhi. Nakumbuka nilimwonea wivu.

Kipande cha mama kilikuwa kimoja kikubwa. Mume wa rafiki yake anamkabidhi kikombe ampelekee mkewe aliye mgonjwa, kisha anabaki mlangoni akiangalia. Mama anakaa kitandani, anakisogeza kikombe, anasema kitu midomo ikitikisika kidogo tu. Rafiki anamtazama kwa dharau, anakinyakua, anakunywa, anakufa. Sisi tuliosimama dirishani hatukusikia lile neno, maana mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma jirani na upepo ulikuwa unapiga mabati.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana, na kwa mara ya kwanza akina mama nao waliingia bandani. Nilikaa mapajani pa mama, amevaa kitenge chake cha harusi. Mtu mmoja akatania kwamba kuanzia kesho togwa ya mama Sekela, Sekela ndiye mimi, itanunuliwa kwa miadi, tukacheka. Lakini sauti ya kanda ilikuwa mbovu, upepo mtupu, basi Edo akashika kipaza chake kama kawaida na kuanza kuwasemea watu waliokuwa Waswahili wenzake. Tukafika kwenye kikombe. Mama wa kwenye televisheni akatikisa midomo, na Edo, kwa sauti nyembamba ya kike, akasema: "Kunywa, dada yangu. Kunywa upumzike." Nilihisi mapaja ya mama yakikaza chini yangu. Akainuka nusu. "Edo mwanangu," akasema, "mimi sikusema hivyo." Watu wakamwambia akae, anawaziba. Mwishoni mume alikamatwa na polisi, na Edo akatuambia kwamba maskini kasingiziwa.

Nje ya banda watu hawakutawanyika. Ilikuwa kawaida yao kubaki kuichambua filamu, nani kapigana vizuri, nani mjinga. Siku ile walimchambua mama. Mzee mmoja akauliza, mmeona kwamba hakuonja? Wakakumbushana: kweli, hakuonja. Mwingine akasema mtu hawezi kuigiza kisichomo ndani yake. Na Mama Lugano, aliyetwanga naye miaka yote, nilimwona akitikisa kichwa polepole kama mtu anayeanza kukumbuka mambo. Lisemwalo lipo, wakasema. Kuanzia hapo wateja wakapita mbele yetu kwenda kwa shangazi yake Edo, ambaye naye aliuza togwa mtaa huohuo. Wengine wananiambia Edo alitaka tu kuchangamsha banda. Mimi simwangalii mtu mdomo peke yake, naangalia pia nani alishiba baadaye.

Kisha Lugano, mtoto wa jirani yetu huyo, akaumwa tumbo. Mapera mabichi tulikula naye mimi mwenyewe, nikasema hivyo kwa sauti, lakini tumbo lake lilikuwa limepata jina kabla sijafungua kinywa. Ndiyo ile asubuhi ya chungu. Na Edo alikuwa amekwishaibeba kanda hadi Chunya kuwaonyesha wachimbaji. Baba aliitazama kati ya wanaume wenzake, akamsikia mkewe akiua kwa sauti ya Edo. Hakuja kuuliza. Alituma mtu aje kuchukua nguo zake. Wanasema mdomo huponza kichwa. Mama yangu aliponzwa na mdomo wa mwenzake.

Tulirudi Kalenga na nyusi yangu imefungwa kitambaa. Mama hakutengeneza togwa tena. Mgeni akija alimwonyesha mtungi na kumwambia achote mwenyewe. Watu walidhani ni kiburi. Amekufa hivyo, hajawahi tena kumpa mtu kikombe mkononi, hata mimi.

Sasa kuna simu. Mwaka jana binti yangu alinionyesha ile filamu, imewekwa mtandaoni na kijana aliyeisafisha sauti. Zamani maoni ya watazamaji yalikuja na mawe. Siku hizi yanakuja na vimioyo vyekundu, ila haraka ya kuhukumu ni ileile. Mmoja ameandika kwamba mama huyu anatisha, mwingine kwamba bajeti ndogo lakini roho inadunda. Nilisogeza simu sikioni. Upepo ukafika, mashine ya kusaga ikafika kwa mbali, kisha sauti ya mama yangu, nzima, ya chini: "Usinywe, dada. Nimemwona akitia kitu."

Chini yake, kati ya maoni, nikakuta jina ninalolijua. Edo ameandika: nilikuwepo wakati wa kurekodi, mama huyu alikuwa mwigizaji wa pekee, Mungu amlaze pema. Wamempa vimioyo vingi.

Edo, unaishi bado hapo Ilomba, najua. Sisi wengine wote tulisikia upepo. Mama Lugano alisikia upepo, baba alisikia kile ulichompa. Wewe ulikuwa na hedifoni masikioni tangu asubuhi. Ulimsikia. Basi andika tena hapohapo, mbele ya watazamaji walewale waliokupa mioyo: mama Sekela alisema nini, na kwa nini wewe ulisema vingine? Nakusubiri ujibu. Na safari hii anza kuonja wewe.