Kipepeo Aliyeombwa na Yaya

Mama yetu alipozikwa, yaya yangu, dada yangu mkubwa, alifuata maziko kwenye simu. Alikuwa Ubelgiji, mwaka wa sita, makaratasi yake ya kukaa kule hayajakamilika, na kama angetoka asingeweza kurudi. Binamu yetu aliinua simu juu ya vichwa vya watu mpaka mkono ukachoka, na mwisho yaya alibaki akiona migongo tu.

Nilidhani siku moja ataniomba picha ya kaburi. Hakuomba. Mvua zilipochanganya, alinipigia akaniomba picha ya kipepeo.

Niliogopa huzuni imemzidi. Kisha akanikumbusha. Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akituchukua baada ya misa kwenda kutafuta uyoga upande wa Karavia, pembeni ya mji wetu. Pale kwenye kijito tuliwakuta vipepeo weusi wenye ukanda mpana wa buluu, buluu inayogeuka kijani ukisogeza kichwa kidogo. Siku moja yaya alimkamata mmoja. Mama alimwambia amwachilie, akamwachilia, lakini tulipofika nyumbani alikataa kunawa kabla ya kula, maana unga wa mbawa ulikuwa bado kwenye vidole vyake. Mama hakumgombeza. Alimlisha bukari, ugali wetu, tonge kwa tonge, msichana wa miaka tisa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Sijawahi kupiga picha ila za kazi yangu, kuwaonyesha wateja. Jumapili iliyofuata nilikwenda. Pori letu limekuwa nyumba zenye kuta ndefu, ila kijito kipo, chembamba, na kandokando yake akina mama wanalima mboga. Nilimwona kipepeo mmoja, nikamkimbilia na simu mkononi kati ya matuta ya lengalenga. Nilirudi na picha za majani. Jumapili ya pili mvua ilinyesha kutwa.

Jumapili ya tatu, mama mmoja mwenye shamba aliniuliza natafuta nini kwenye mboga zake. Nilimweleza yote, hata habari ya maziko, sijui kwa nini. Aliweka ndoo chini akanisikiliza hadi mwisho.

"Usimufuate, mwana yangu," alisema. "Ikala pale kwenye matope. Jua ikipanda, atakuya kunywa yeye mwenyewe. Na kivuli yako isimuguse."

Nililala kifudifudi kwenye matope na suruali yangu ya misa. Jua lilinichoma shingo. Nikamwaza yaya, jinsi alivyokuwa akinitangulia kwenye kila kitu, hata kwenye kulia, na jinsi nilivyozoea kuishi katika mji huu kama mtu aliyeachiwa nyumba kuilinda. Ndipo kipepeo akaja. Alitua karibu na kiwiko changu, akanyoosha mrija wake kwenye matope, mbawa zikitetemeka. Ubawa mmoja ulikuwa umekatika ncha. Nilipiga picha tatu, kisha nikashusha simu nikamtazama tu, nikitamani kumwambia mtu aliye pembeni yangu: angalia. Pembeni hapakuwa na mtu.

Nilituma picha palepale. Yaya alinipigia akiwa kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, akiongea chini chini kwa kuwa walikuwa wamelala mchana.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye yule yule. "Njo yeye kabisa."

Aliuliza kama udongo ni mwekundu vile kweli au ni simu inadanganya. Aliuliza kama uyoga bado unaota. Nilimwambia sikuangalia.

"Kadogo, sauti ya mama inanipotea," alisema. "Sura iko. Sauti njo inaenda."

Ningeweza kumfariji. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi inanipotea, mimi niliyekuwa naye hadi siku ya mwisho. Tukaanza kukumbuka jinsi mama alivyokuwa akituita turudi kutoka kijitoni. Nilijaribu kuita kama yeye. Yaya akasema hapana, mwisho wa wito alikuwa akiuvuta. Akajaribu yeye, kwa kunong'ona. Haikuwa yenyewe. Nikajaribu tena, kwa nguvu, na yule mama wa shamba akainua kichwa. Yaya alicheka, kisha akalia, na hakujificha.

Tuliendelea hadi alipoitwa na mkubwa wake. Hakuna kati yetu aliyeipata ile sauti. Makaratasi yake bado. Jumapili nyingine naenda, na safari hizi nampigia kabla ya kulala kwenye matope, ili tungoje wote.