Maziwa Yaliyolipuka Kwenye Jumba la Forodha

Bora nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana nilivyojiaibisha Mombasa mwaka ule wa tisini na kitu, mbele ya wageni wenye kofia za jua, hata leo nikikumbuka natafuta pa kuficha uso.

Mama alinituma kutoka Garissa nimpelekee mdogo wake, habaryar wangu Halima, lita tano za maziwa ya ngamia kwenye dumu lililofukizwa moshi kama desturi yetu, kwa sababu habaryar hakuwa ameyaonja tangu aolewe huko, mwaka wa sita ule, na kila barua alilalamikia hilo tu. "Kila basi ikisimama fungua kifuniko, maziwa ibumue," mama aliniambia, akimaanisha ipumue, na njia nzima nilifungua (mpaka jirani yangu akahama kiti).

Sasa shetani gani alinizuia kwenda kwa habaryar moja kwa moja? Nilitaka kwanza nione majumba ya mkoloni pale bandari ya zamani, yale ya kuta nene na roshani za mbao, ili nikirudi shuleni nijigambe, basi nikawafuata wageni ndani ya jumba la forodha, shati langu jeupe la Idi mwilini, dumu kwapani, kifuniko nimekikaza kwa nguvu zote nisije nikaaibishwa na harufu ya kwetu.

Joto lilikuwa kali. Mtembezaji akitueleza kiti alichokalia Mzungu wa ushuru, dumu likavimba, nikalibana, likazidi, nikalegeza kifuniko kidogo tu, kikaruka hadi darini na maziwa yakafuata, yakamwagikia meza ya mkoloni, wageni na mimi. Mama mmoja alijitupa sakafuni.

"N'nini hicho, we kijana?" mtembezaji akafoka, ndevu zikimchuruzika.

"Maziwa, mzee."

"Maziwa yapiga mzinga?"

Walicheka hadi askari wa mlangoni, nami nikapiga deki ukumbi mzima.

Kwa habaryar nilifika na dumu tupu, nikamweleza yote huku nalia. Alilitikisa, halikutoa hata tone. Kisha akanivuta, akaweka uso begani, pale maziwa yalipokaukia, akavuta pumzi ya moshi ule wa nyumbani.

"Toa hiyo shati," akasema. "Usioshe. Ikae hapa kwangu."

Tangu siku ile sijakaza tena kifuniko kwa kuonea haya harufu ya kwetu, na Garissa nilirudi nimevaa shati la mume wake, mikono imenifika magotini.