Nilivyompeleleza Devota Badala ya Kusoma

Aibu hii naibeba mpaka leo, na nikiisimulia naomba mcheke taratibu, maana kijiji chetu cha Kagoma ni kidogo na wengine wenu mlikuwepo.

Nilikuwa najiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi kule Bukoba, mara ya kwanza nilishafeli, na mama alishasema nikifeli tena nisahau mambo ya chuo, nibaki naye kwenye migomba. Sasa sikujua nisome muda gani, wiki ngapi, miezi mingapi, kwa hiyo nikamwuliza Devota, jirani yetu niliyemaliza naye sekondari na aliyekuwa anaufanya mtihani huohuo. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mimi nimeshamaliza, sasa hivi napumzika." Mtihani bado mwezi mzima. Mtu anapumzikaje, kama hajaletewa maswali? (Ndivyo nilivyo mimi, ukinisalimia mara mbili najiuliza unataka nini.)

Nikaamua nitasoma wiki ya mwisho tu, hizo nyingine namchunguza yeye. Basi nakaa barazani, kitabu mapajani, macho kwa akina Devota. Wakaanza kuja wazee nisiowajua, wanaongea na baba yake kwa kunong'ona, wakiniona wananyamaza. Nikamwuliza mama yake ni akina nani, akasema kwa upole wa Kihaya, "Wageni tu, waitu." Wageni gani wa kila Jumamosi? Halafu siku moja wakaja na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee mmoja amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, hakiachii hata anapokunywa. Nikasema moyoni, mtihani umefika.

Nikaingia bila hodi, nikakanyaga nyasi mbichi walizotandaza sebuleni, nikakinyakua kile kifurushi. "Devota, hata mimi nataka hayo maswali!" Nikavuta kamba, na kahawa ya kutafuna, ile wanayokuja nayo watu wa posa, ikamwagika yote miguuni pa wakwe.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee akainama kuokota punje mojamoja, akauliza kwa upole, "Binti, maswali gani?" Nikajieleza, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama, nilitamani ardhi inimeze. Devota akachungulia kutoka chumbani, kitenge kipya, macho yamejaa machozi. "Nilianza kusoma mwaka jana, kabla ya msimu wa senene," akasema, "kwa sababu nilijua posa ikifika, humu ndani hakutasomeka."

Mzee akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, umefika wapi?"

Nilikuwa bado kwenye sura ya kwanza ya kitabu.

Posa ilipita, washukuriwe wale wazee. Devota sasa yuko chuoni, mchumba anamsubiri. Mimi nilifeli, na safari hii mama hakunigombeza hata kidogo, jambo lililoniuma kuliko matusi. Mchana niko naye kwenye migomba kama alivyosema, ila jioni nimeanza kusoma upya, mapema, na baraza nimelihama. Nasomea nyuma ya nyumba, nimewapa majirani mgongo.