Baiskeli Imegeuzwa Nami Nimelala

Aliyeigusa baiskeli yangu, mpaka leo nina hasira naye. Sie wa Tandale tukisafiri kwa baiskeli, kabla ya kulala njiani tunaielekezaga kule tuendako, maana usingizi wa juani unachanganya kichwa.

Nilikuwa nimeshaipita Dodoma, naelekea Singida kwa dada yangu, nchi kavu, vumbi na miiba tupu. Asubuhi nilikunywa chai ya mama mmoja, ina chumvi, nikamsema mbele ya wateja. Mchana nikalala chini ya mgunga. Kumbe mpita njia akaivuta baiskeli kivulini, eti tairi zisipasuke, akaiacha imegeuka.

Nikaamka, nikapanda. Tena nikafurahi kwamba jua limeacha kunichoma usoni, sasa linanipiga mgongoni. Mjinga mie.

Jioni nikafika kwenye kibanda cha chai. Vibanda vya njia ile vyote vinafanana. Nikamwamkia mzee aliyekuwa anachochea moto, nikamwambia, "Nipe chai, mzee wangu, ila isiwe kama ya yule mama wa huko nilikotoka. Chumvi tupu. Sijui mumewe anaishije naye."

Mzee akageukia ndani. "Mke wangu, hebu njoo."

Akatoka yule yule mama, taulo langu mkononi.

"Ulilisahau asubuhi, baba. Nikutilie na chai?"