Kiganja cha Mama Kwenye Kioo cha Simu

Asubuhi ya kwanza baada ya mama kuhamia kwangu Kayanga, niliamka nikidhani mimi bado ni mtoto. Nilisikia njiwa. Ulikuwa ule mlio wao wa kooni, kama chungu cha maharage kinachochemka polepole jikoni, na kwa muda nilielea kati ya usingizi na macho, nikingoja sauti ya baba akikohoa uani kwetu kijijini Nyakatuntu, Kyerwa. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani. Kisha nikaona dari. Nyumba ya Nyakatuntu haikuwa na dari kamwe. Hii ilikuwa nayo, ya jasi, yenye maua pembeni, na aliyeiweka ni mimi.

Nalisema wazi, maana sioni faida ya kuficha jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Niliondoka Kyerwa na begi moja. Nilitengeneza simu za watu kwenye kibaraza cha duka la mwenzangu huko Mwanza, nikajilipia chuo mwenyewe, nikapata stashahada ya teknolojia ya habari, na baada ya hapo wenye digrii wakawa wananiletea kazi zilizowashinda. Nilirudi huku Kayanga, wilaya jirani ya Karagwe, kwa hiari yangu, wakati wenzangu wakirudi kwa kushindwa. Mgeni akiuliza njia mtaani kwetu, anaelekezwa kwa geti langu: "Ukilipita geti la bluu, kata kushoto." Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaingia ndani ya geti hilo, na ndicho nilichokuwa nimelijengea. Nilitaka mama yangu aishi kwangu.

Tangu baba afariki, mama alikuwa amebaki kijijini na kibanja chake cha migomba na kahawa, na njiwa. Jozi ya kwanza ya njiwa hao baba alimletea mwaka waliooana. Hawakuchinjwa hata mara moja, hata sikukuu, hata siku wageni walipokuja ghafla na kuku hawakamatiki. Walikuwa wa kutazamwa tu. Kila nilipomwambia mama aje Kayanga, jibu lake lilikuwa hao.

"Nani atawalisha?"

"Njoo nao, mama."

"Njiwa hahamishwi kama kitanda, mwanangu. Atarudi alikozaliwa."

"Kwangu hatarudi. Atakula vizuri mno."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Haya, Injinia. Tuwekeane sharti. Wakikaa kwako, nami nakaa. Wakirudi, usinishike mguu."

Nilikubali palepale. Mimi si mtu wa kuogopa mtihani.

Tuliwaleta kwenye matenga, nikawajengea banda la wavu chini ya mwarobaini, pana kuliko chumba nilichopanga Mwanza. Mpango ulikuwa kuwafungia humo mpaka wapazoee. Lakini baada ya muda wakaanza kunyong'onyea. Manyoya yakakosa ule mng'ao wa zambarau shingoni. Walichagua mahindi wakayaacha, wakakaa wamejikunja juu ya fito kama watu wanaongoja mvua ikatike. Mama alikuwa akiwatazama kwa muda mrefu, kisha anatazama barabara iendayo Kyerwa. Nikaona wazi kwamba nikizembea nitawapoteza wote, njiwa na mama.

Ndipo nilipoamua kutengeneza aplikesheni ya simu ya kupanga chakula cha ndege wa kufugwa. Sikuwa nimeiona kwa mtu mwingine yeyote hapa, na nilijua naiweza. Nilisoma kwanza, kwa siku nyingi, nini njiwa anahitaji: nafaka za kumpa nguvu, kunde na choroko za kujenga mwili, alizeti kidogo anapobadilisha manyoya, changarawe za kusagia chakula tumboni, maganda ya mayai yaliyopondwa kwa ajili ya mifupa. Anayelea makinda hapewi chakula sawa na asiyelea. Wa msimu wa baridi hapewi sawa na wa kiangazi. Yote hayo niliyapanga kichwani kwangu yakatulia kama vigae juu ya paa, kila kimoja kikilalia mwenzake.

Ugumu ulikuwa mtumiaji. Mama hasomi, na Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Mambo ya moyoni anayasema kwa Kinyambo. Programu yenye maandishi ingekuwa mlango uliofungwa. Kwa hiyo sikuweka maandishi hata neno moja. Niliweka picha: njiwa anayeatamia, njiwa mwenye makinda, njiwa anayenyonyoka manyoya. Ukigusa picha, unaona chakula chake cha siku hiyo, na sauti inakuambia. Nayo sauti ilikuwa ya mama mwenyewe.

Tulizirekodi sauti hizo mchana wa mvua, tukiwa barazani, bati likiunguruma juu yetu. Nilimwonyesha kwamba ukibonyeza picha bila kuachia, simu inasikiliza, na sauti mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Alijifunza upesi kuliko wateja wangu wengi wa mjini. Aliinama juu ya simu kama anayemnong'oneza mtoto mchanga na kusema omugusha, yaani mtama, na namna ya kuupepeta.

"Kiasi gani, mama?"

"Hivi." Akafunua kiganja.

Nilitaka kumwambia atumie kikombe. Kisha nikakitazama kiganja chake, mistari yake imeingia weusi wa kuchuma kahawa, kina shimo dogo katikati kana kwamba kiliumbwa kubeba nafaka. Nikakipiga picha pale pale. Ndicho kikawa kipimo cha programu nzima. Kiganja kimoja, viganja viwili, nusu kiganja. Ukishawalisha unagusa kiganja, nacho kinafumba. Nimeona kazi za watu wengi wenye majina, lakini sijaona kitufe kizuri kuliko hicho.

Choroko na mtama mwekundu nilivifuata sokoni kwa mama mmoja muuza nafaka, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika.

"Baba Njiwa kafika!" alipaza sauti ili majirani zake wasikie. "Leo wanakula nini, pilau?"

"Choroko, mama. Zisizo na wadudu."

"Jamani! Mume wangu anakula zenye wadudu hasemi kitu, njiwa wa Injinia wanachagua!"

"Mumeo hana aplikesheni."

"Ana mimi," alisema, na meza zote zikaangua kicheko. Lakini alinipimia choroko safi, akaziongezea nyingine kwa mkono, na wiki iliyofuata akaniomba nimwekee programu hiyo kwenye simu yake kwa ajili ya kanga wake.

Chakula kilifanya kazi. Sisemi kwa kujipendelea. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Zambarau ilirudi shingoni. Madume wakaanza tena kuvimba na kuzunguka majike kwa mbwembwe. Jozi moja ikataga, na baadaye tukawa na makinda mawili mabaya ya kupendeza, yenye midomo mikubwa kuliko vichwa. Mama akaacha kutazama barabara. Jioni aliketi kwenye kigoda kando ya banda, simu mapajani, akigusa picha zake huku sauti yake mwenyewe ikimjibu, na moshi wa majani makavu ya migomba kwa majirani ukipita juu ya ukuta. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikiyatazama hayo. Wakati mwingine nilihisi kwamba nikipiga hatua moja mbele vyote vitapeperuka, kama ndoto inavyopeperuka mtu anapoitwa jina lake.

Makinda yalipoweza kula yenyewe, mama alisema, "Sasa fungua."

"Bado mapema, mama."

"Mwenye kukaa akiwa amefungwa hajakaa. Fungua."

Nilifungua asubuhi ya Jumamosi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na vilele vya migomba vilichomoza juu yake kama visiwa. Njiwa walitoka mmoja mmoja, wakatua kwenye paa langu, wakanyoosha mabawa. Kisha wakaruka wote kwa pamoja. Walizunguka nyumba, wakazunguka tena kwa duara pana zaidi, na jua lilipowagusa kwa chini wakageuka weupe ghafla. Sijawahi kuona ndege wenye afya kama wale. Walipomaliza kuzunguka walijikusanya, wakanyooka kuelekea Kyerwa, na hawakuangalia nyuma.

Tulingoja mpaka chai ikapoa. Juu ya paa walibaki wale wawili wachanga tu, wakishangaa.

"Hawa wamebaki," nilisema.

"Hao ni wako. Wamezaliwa hapa." Mama alisimama akikung'uta kitenge. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na ushindi usoni. "Umewalisha vizuri, mwanangu. Ndiyo maana wamepata nguvu ya kufika."

"Kaa tu, mama. Banda nitajaza wengine."

"Na mimi utaniwekea wavu?"

Tulikuwa tumewekeana sharti, na neno nililoliweka mimi ni langu. Nilimbebea mzigo.

Tulipofika Nyakatuntu mchana uleule, bodaboda ilituacha njiani tukaingia kibanjani kwa miguu, kwenye kivuli kile cha kijani ambacho kimenilea. Mama alikuwa mbele. Alisimama kabla ya uwanja na kuinua kidole tusikilize. Chungu kile cha kooni mwa njiwa kilikuwa kinachemka. Walikuwa kwenye upenu wa nyumba ya zamani, kwenye mzinga mtupu wa nyuki ambao baba aliwatundikia, wamejipanga kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Mama aliwahesabu kwa macho, midomo ikicheza. Walikuwa wote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigunia cha mtama, hata kabla ya kufungua mlango wa nyumba.

Nilimwachia simu na sola ndogo ya kuichajia. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuondoka mikono mitupu, kabla ya kulala siku hiyo niliongeza kitu kwenye programu: simu yake na yangu zikafungwa pamoja, picha na sauti zake zote. Akigusa kiganja kwamba amelisha, kiganja kinafumba kwangu pia, na simu yangu inalia kama njiwa.

Sasa kila alfajiri naelea palepale kati ya usingizi na macho. Simu inalia kooni. Maana yake ni kwamba njiwa wa Nyakatuntu wamekula, na aliyewalisha ameamka, magoti yake yamemfikisha uani, mkono wake umefunguka na kufumba. Siku ambazo mtandao wa Kyerwa unasumbua, kiganja kinachelewa, nami sinywi chai mpaka kifumbe. Kisha natoka kuwalisha wale wawili wangu, ambao sasa ni jozi na wanaatamia. Watu wanaifuata programu hii kutoka mbali, hata Kimuli. Wafugaji wa kuku wananiomba yao. Wote wanapima kwa kiganja cha mama yangu bila kumjua.

Majuzi nilikuwa bandani na simu mkononi. Niligusa picha ya mahindi, nikingoja sauti yake iniambie niyavunjevunje kwanza. Haikusema hivyo. Nyuma yake nilisikia jogoo, na ufagio wa mtu ukikwangua uwanja wa Nyakatuntu. Alikuwa amebonyeza bila kuachia, kama nilivyomfundisha, na kwa Kinyambo chake cha kunong'ona alikuwa ameuliza: "Na wewe, umekula?"

Nimeandika programu nyingi, na sijawahi kuacha hitilafu ikalala. Hii nimeiacha. Niliwamwagia njiwa mahindi yao, nikarudi ndani, nikakuta ndizi za jana kwenye sufuria, nikawasha jiko.